Ndama Waliomlamba Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipoanza kutambaa, ndama wetu walikuwa wakimfuata. Mama akimweka juu ya ngozi karibu na zizi ili apate kukamua, akirudi hukuta ndama mmoja au wawili wamemwinamia, wanamlamba mikono, shingo, hata uso, na mtoto anacheka. Sisi wengine ndama walitulamba mara moja wakaacha. Yeye walimrudia kama jiwe la magadi. Baba alikuwa akiwaita wageni waje kuona. Alisema msichana anayependwa na ng'ombe kabla hajaweza kusimama, siku ya kuolewa atajaza zizi. Wageni walikubali, wakanywa maziwa, wakaenda kusimulia. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini ngozi ya mtoto iwe na chumvi kiasi hicho.

Kwetu ni Nyanungu. Mimi ni wa kwanza kuzaliwa. Kati yangu na mdogo wangu walizaliwa wawili wengine, mvulana na msichana, na wote walikufa kabla meno hayajakamilika. Walikohoa, walikula bila kunenepa, wakaisha. Bibi, mama yake baba, alisema tumbo la mkwe wake lina kitu kinachokula watoto. Mama alipelekwa kwa waganga. Alichanjwa kifuani na mgongoni, alinyweshwa dawa za kutapisha, na akirudi nyumbani alichukua jembe akaenda shambani kama kawaida. Alipokufa, mdogo wangu alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema, na lawama ile haikuwa imemtoka mama. Alizikwa nayo. Baba naye hakukaa sana. Homa ilimchukua msimu wa palizi.

Niliacha shule nikiwa kidato cha kwanza. Hakuna aliyenifukuza na hakuna aliyenilazimisha. Ng'ombe walitaka mchungaji na mtoto alitaka mtu. Baba mdogo, ambaye boma lake liko ng'ambo ya kijito, alisema atatuangalia, na kweli alituangalia, kama mtu anavyoangalia mvua ikinyesha kwenye shamba la jirani. Vitabu vyangu vya shule vilibaki kwenye sanduku. Mdogo wangu alijifunzia kusoma humo.

Alikua akikohoa. Alikula kuliko mimi niliyekuwa nashika plau, lakini mikono yake ilibaki kama fito. Tumbo lilimsumbua kila alipokula chakula chenye mafuta, na choo chake kilikuwa kizito na chenye harufu mbaya, jambo ambalo msichana humficha hata kaka yake. Mara mbili alitibiwa kifua kikuu ambacho hakuwa nacho. Alimeza zile dawa mpaka mwisho, bila kuruka, na kikohozi kikabaki palepale. Majirani walianza kutazamana walipomsikia. Nilijua wanachofikiri. Walikuwa wanamfikiria mama yetu.

Alipokuwa anamaliza sekondari, daktari mmoja wa Musoma alichoka kuandika dawa zilezile, akatutuma Mwanza, na Mwanza wakatutuma Dar es Salaam. Niliuza nilichokuwa nacho, tukaenda. Huko walimpima jasho. Mimi niliona ni mzaha, kupima jasho la mtu, wakati kinachouma ni kifua. Daktari alikuwa mama mtu mzima, mpole, mwenye haraka. Aliniuliza kama mtoto huyu, alipokuwa mdogo, ukimbusu ulikuwa unasikia chumvi. Nikamwambia kwetu hatubusu sana watoto, ila ndama walikuwa wakimlamba. Aliweka kalamu chini. Aliniomba nirudie. Niliporudia akasema, "Basi ndama wenu walijua zamani."

Ugonjwa huo wanauita sistiki fibrosisi. Alinieleza kwamba chumvi haikai inapotakiwa mwilini, inatoka na jasho, na ute wa ndani unakuwa mzito kama gundi. Unaziba mapafu, unaziba njia za kongosho, chakula kinapita bila kusagwa. Hauambukizi. Mtu anazaliwa nao. Baba amebeba nusu, mama amebeba nusu, na wote wawili ni wazima. Mtoto akipata nusu mbili, ndiyo hivyo. Nikamwambia hiyo naielewa, ni kama fahali mweusi na jike jeusi kuzaa ndama mwekundu, maana wekundu ulikuwa umejificha ndani yao wote. Alicheka, akasema ndivyo hasa. Nikauliza habari za wale wawili waliokufa. Akasema huenda. Nikauliza habari zangu. Akasema naweza kuwa nimebeba nusu na nisiumwe maisha yangu yote.

Kwenye basi la kurudi sikumfikiria mdogo wangu. Nilimfikiria mama, na zile chale za mgongoni. Nusu ilikuwa ya baba. Hakuna mtu aliyemchanja baba.

Daktari alitufundisha mambo ya kufanya. La kwanza ni kumpiga mgongo, asubuhi na jioni, mkono ukiwa umekunjwa kama kikombe, yeye amelala kifudifudi kichwa kikiwa chini kuliko kiuno, upande huu kisha ule, mpaka makohozi yaachie. La pili ni vidonge vya kusaga mafuta, ambavyo huvipati Tarime wala Mugumu, na tulivipata kwa kubahatisha, vikitumwa na basi kutoka Mwanza pale vinapokuwepo. La tatu ni chumvi. Wengine wanaambiwa wapunguze. Yeye aliambiwa aongeze, hasa jua likiwa kali. Alifurahi kusikia hilo. Toka utotoni alikuwa akiiba magadi ya ng'ombe, na nilikuwa nikimchapa.

Mwaka uliofuata alipata nafasi katika chuo kidogo cha mifugo nje kidogo ya mji wa Mugumu. Nilimwambia achague kazi ya kukaa ofisini, mahali pasipo vumbi. Alisema, "Kaka, vumbi nimelizoea. Watu ndio sijawazoea." Akaenda kusomea ng'ombe.

Pale chuoni aliwaambia ana pumu. Pumu inajulikana, haiogopwi. Chumba chao kilikuwa na vitanda vinne, na msichana mmoja wa upande wa Nata ndiye aliyekuwa akimpiga mgongo alfajiri kabla ya kwenda kuoga. Walikuwa wakicheka. Yule wa Nata alikuwa akimwambia, "Lala vizuri nikukande, leo wewe ni chapati." Wavulana wa bweni la pili walimpa jina la Trekta, kwa kuwa asubuhi kikohozi chake kilianza kidogokidogo kisha kikashika. Wakisikia, mmoja anapaza sauti dirishani kwamba trekta limewaka, amkeni mkalime. Yeye naye hakuwaacha. Aliwajibu trekta halilimi bure, leteni mafuta. Mezani walimuuliza chakula chote kile anampelekea nani. Aliniambia haya kwenye simu, na kwa sauti yake nilijua kwamba kwa mara ya kwanza ana marafiki.

Nilimtembelea siku moja wakiwa kwenye josho, wanajifunza kuogesha. Jua lilikuwa kali, ng'ombe wa vijiji vya jirani wamepangwa kwenye kichochoro, wanasukumana, maji ya dawa yanaruka. Alikuwa amevaa ovaroli na buti, fimbo mkononi. Kila baada ya muda aliingiza kidole mfukoni, akakilamba. Alikuwa na chumvi ndani ya kipande cha nailoni. Mwalimu wao alidhani ni ugoro, akamkaripia mbele ya wote. Akatoa kile kipande, akamwonjesha mwalimu. Darasa zima lilicheka, na mwalimu akacheka. Ng'ombe mmoja aliyekuwa amechelewa kuingia majini alinyoosha shingo akamlamba kiwiko. Nilisimama nje ya uzio, nikageuka upande mwingine.

Alikuwa amebakiza mwaka mmoja na kidogo alipopiga simu mchana, saa ambayo huwa yuko darasani. Alisema mwenzao mmoja, kijana wa Mbalibali, amemwita shemeji. Alidhani ni utani. Yule kijana akamwambia ng'ombe wameshapelekwa, na kaka yake mkubwa, yule mfanyabiashara wa minadani, ndiye anayeoa.

Nilimwambia hapana, ni uzushi. Kisha nikaenda kuangalia zizi la baba mdogo.

Walikuwemo. Mitamba wenye afya, majike ambao hawajazaa, alama zao si za kwetu. Baba mdogo alikuwa ameketi anachonga mpini. Nilimwamkia, shikamoo, akaitikia vizuri kabisa. Hakuficha. Alinieleza kwa upole kwamba hii ni posa ya kushika tu, wengine wanakuja baada ya mavuno, na kwamba nusu ya ng'ombe hao ni wangu, ili na mimi nioe, maana mtu wa umri wangu kulala peke yake ni aibu ya ukoo mzima. Nikamwambia mtoto yuko chuoni na anaumwa. Alikata kipande cha mti, akakiangalia.

"Ndiyo maana," alisema. "Mura, kijana wangu, mtu hauzi ng'ombe aliyekwisha kulala chini. Anamuuza akiwa bado anasimama."

Nikamuuliza kama wale wa Mbalibali wanajua. Akasema wanajua anakohoa, na nani hakohoi. Aliniambia habari ya damu, ile niliyomweleza yeye tuliporudi kutoka Dar es Salaam, isitoke nje ya boma. Ana binti zake watatu hawajaolewa. Neno kama lile likifika sokoni, hakuna atakayekanyaga mlangoni kwetu. Kisha akanikumbusha alivyosema baba, kwamba mtoto huyu atajaza zizi. Ndama wenyewe walishuhudia.

Jioni nilimpigia mdogo wangu. Hakulia. Aliniuliza tu kama ng'ombe wameshaliwa. Nikamwambia mmoja, wazee walichinjiwa siku ya makubaliano. Alikohoa, kikohozi kikapita, halafu akasema, "Kaka, wakinioa sitamaliza. Na nisipomaliza, nitakufa nikiwa mgonjwa tu. Nataka nife nikiwa kitu kingine."

Nilimwambia atamaliza.

Baba mdogo alipokwenda mnadani, nilifungua zizi lake nikawatoa wale mitamba. Mahali pa yule aliyeliwa niliweka maksai wangu mmoja, wa upande wa kulia, aliyekuwa akivuta plau na mwenzake kwa miaka mingi. Maksai mmoja halimi. Nilijua ninachofanya. Nilipata kibali cha kuwasafirisha, nikawaswaga kwa miguu mpaka Mbalibali, nikilala njiani kwa watu tunaofahamiana.

Mzee wa boma lile, baba yake mwoaji, alinipokea vizuri. Alinipa kiti, akaagiza togwa. Alikuwa ameshaona ng'ombe wake wamesimama nje, lakini hakuuliza mpaka nilipomaliza kunywa. Aliuliza kama ng'ombe walikutwa na kasoro. Nikamwambia hawana kasoro. Aliuliza kama binti ana mtu mwingine. Hana. Aliuliza kama anakataa, na akatabasamu, maana binti kukataa si jambo la kurudisha ng'ombe, ni jambo la kuongeza. Nikasema anasoma. Akasema watamsubiri, msomi ni faida, na kijana wao hana haraka.

Njia nzima nilikuwa nimejipangia maneno, na yote yalikuwa yameisha. Hakuna mlango uliobaki isipokuwa ule niliokatazwa. Nikamwambia mzee kwamba anaumwa, ugonjwa wa kuzaliwa nao, hauponi. Hakushtuka. Aliuliza kama ni wa kurogwa. Nikasema hapana, ni wa damu. Aliuliza umefikaje kwenye damu wakati baba yetu alimjua, alikuwa mtu mwenye nguvu, na mama yetu vilevile. Nikamweleza kama nilivyomweleza daktari, kwa njia niliyoielewa mimi, habari ya fahali mweusi na jike jeusi na ndama mwekundu.

Daktari alipoisikia alicheka. Mzee yule hakucheka. Alikuwa mfugaji. Hakuna mfugaji asiyejua nini kinafuata baada ya ndama mwekundu kuzaliwa. Aliinamisha kichwa, akachora chini kwa fimbo, na niliona anahesabu moyoni, si ng'ombe, bali watu. Mdogo wangu. Binti za baba mdogo. Wajukuu ambao wangezaliwa katika boma lake.

"Na wewe?" aliuliza.

Nikasema daktari alisema huenda.

"Fahali wa namna hiyo," alisema polepole, bila ubaya wowote, "sisi tunamhasi." Alitazama nje, akamwona maksai wangu katikati ya mitamba yake. Akasema huyo nimrudishe nikalimie, ng'ombe mmoja aliyeliwa na wazee si kitu. Nilikataa. Aliniambia nisifikirie ananidharau. Umefanya kazi ya mwanamume, alisema, lakini ujue umefunga mlango wa kwenu kwa ndani. Akanisindikiza mpaka barabarani, na sijui mtu aliyewahi kunisindikiza kwa heshima zaidi ya hiyo.

Nilidhani gharama ni yangu. Ningebaki bila maksai, bila mke, na baba mdogo angeniita msaliti, na yote hayo yalikuja. Baba mdogo alisimama mlangoni kwangu mbele za watu, akasema nimewavua nguo binti zake. Lakini nilikuwa nimesahau kwamba boma lile la Mbalibali lilikuwa na kijana chuoni.

Habari ilifika Mugumu kabla sijamaliza kupumzisha miguu. Na ilipofika haikuwa habari niliyoitoa. Ndama mwekundu alikuwa amepotea njiani. Kilichofika ni kwamba yule msichana hana pumu, ana ugonjwa wa ajabu usiopona, uliomaliza ndugu zake na wazazi wake, na ameuficha. Vitanda vitatu vilisogezwa ukutani. Yule wa Nata alihamia chumba kingine. Kabla ya kuhama alimwuliza swali moja tu, kwamba muda wote ule alipokuwa anampiga mgongo, makohozi yakiruka, alikuwa akimwona yeye ni nani. Mdogo wangu alimweleza kwamba hauambukizi. Yule akamwambia, pumu nayo uliniambia unayo. Hakuna aliyemwita Trekta tena. Alisema hicho ndicho kilichomuuma kuliko vyote, asubuhi kukohoa na dirisha la bweni la pili likae kimya.

Nilikwenda chuoni. Mkuu wa chuo alikuwa mtu wa mkoa mwingine, mstaarabu, aliyenipa kiti na kuniita ndugu. Nilimpa majibu ya makohozi yanayoonyesha hana kifua kikuu, na maelezo ya daktari. Alisoma yote. Alisema anaelewa kabisa kwamba hauambukizi. Ila wanafunzi hawaelewi, na wazazi wao wanapiga simu, kwa hiyo kwa amani ya wote ni vizuri binti akae nje ya bweni, na darasani akae karibu na mlango, na mitihani atafanyia barazani. Nikamwambia daktari alisema vijidudu vya watu wengine ndivyo vinavyomhatarisha yeye, si yeye anayewahatarisha. Akasema basi hata kwa afya yake ni vizuri zaidi. Nimefikiria mazungumzo yale mara nyingi. Asiyeelewa alisogeza kitanda. Aliyeelewa alisogeza mtu.

Mashamba yangu yalikuwa hayalimiki kwa maksai mmoja. Niliyakodisha kwa jirani, ng'ombe waliobaki nikampa anitunzie, nikahamia Mugumu. Nilipata kazi ya kupakua mizigo sokoni. Nikapanga vyumba viwili kwenye nyumba ya mama mmoja wa Kiislamu, fundi cherehani, ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka pwani akaoa hapa.

Kwetu kaka haingii chumbani kwa dada aliyekwisha kukua, achilia mbali kumgusa mgongo. Mimi nilikuwa nafanya hivyo asubuhi na jioni, na sauti ya kupiga inasikika nje. Maneno yalianza kisimani. Nilikuwa nimeshavunja mengi, hilo nalo sikujali, ila mdogo wangu alianza kujikaza, anabana kikohozi ili nimalize haraka. Mwenye nyumba aliona. Siku moja alihamisha cherehani yake akaiweka kwenye mlango wa chumba, akavuta pazia pembeni.

"Mwanangu, piga," alisema. "Mimi nashona hapa. Mwenye macho na aje atazame, akichoka nitampima gauni."

Baada ya muda alianza kupiga yeye mwenyewe, kwa mkono mzuri kuliko wangu, huku akimsimulia habari za wateja wasiojua vipimo vyao. Lakini kifua kilikuwa kimeshaharibika. Miezi ile ya kubana kikohozi bwenini, kabla sijafika, ilikuwa imefanya kazi yake. Vidonge vya Mwanza vilikosekana kwa kipindi kirefu. Alikonda mpaka ovaroli ikawa kama imetundikwa. Alikwenda darasani hivyohivyo, akakaa mlangoni, vumbi la uwanjani likimpiga usoni. Alilala hospitali, akatoka, akarudi darasani. Yule kijana wa Mbalibali, ambaye nilitaka kumchukia, ndiye aliyekuwa akimletea daftari zake ili anakili. Alikuwa anaziacha dirishani kwa mama wa cherehani, haingii.

Mtihani wa mwisho alifanyia barazani, meza yake peke yake, msimamizi amesimama ndani anamchungulia kwa dirisha. Mvua ilinyesha. Hakuna aliyetoka kusogeza meza. Aliisogeza mwenyewe mpaka ukutani, akaendelea kuandika. Mimi nilikuwa nje ya geti na mkokoteni wa mtu, nikatazama. Ningeweza kuingia. Sikuingia, kwa sababu aliinua uso akaniona, akatikisa kichwa mara moja.

Alifaulu. Siku ya mahafali walimwita jina lake kama wengine, akapanda, akapumzika katikati ya ngazi, akapanda tena. Makofi yalikuwa machache, ya adabu. Yule wa Nata alipiga kwa nguvu, analia. Mdogo wangu alimsalimia kwa kichwa, akapita.

Hakuna aliyemwajiri. Kila mahali wanataka cheti cha afya, na yeye alikuwa amekwishaapa kutosema pumu tena. Tulirudi Nyanungu. Anafanya kazi siku anazoweza. Watu huja wakiwa wamebanwa, ng'ombe anaposhindwa kuzaa au ndama anapovimba tezi. Humwita, humpa njia hadi zizini, lakini maji humletea kwenye kopo lake la pembeni. Ng'ombe akipona humshukuru Mungu na kunisalimia mimi.

Msimu uliopita ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, iliingia kwenye zizi la baba mdogo. Binti zake wawili bado wako nyumbani. Hatukuwa tumesemezana toka aliponitukana mlangoni kwangu. Alimtuma mke wake, hakuja mwenyewe. Nilimwambia mdogo wangu si lazima aende, jua ni kali na usiku kucha amekohoa. Alishavaa buti.

Tulimkuta baba mdogo amesimama langoni mwa zizi. Tulimwamkia, akaitikia huku anatazama chini. Mdogo wangu alipima joto la ndama mmoja mmoja, akachoma sindano, akipumzika kwa kuegemea nguzo kati ya mmoja na mwingine. Nilimshikia. Aliwatenga wagonjwa upande mmoja. Wale wazima, walipoona amesimama, walianza kumjia. Walimzunguka, wakamlamba mikono, wakamlamba shingo pale jasho lilipokuwa linashuka. Hakuwa na nguvu ya kuwasukuma, akawaacha.

Baba mdogo alitazama muda mrefu. Nilimwona macho yakimlainika, na nilijua anachokumbuka, na nilimwogopa kuliko siku ile aliponitukana.

"Bado wanampenda," alisema. "Baba yako hakusema uongo."

Mdogo wangu alikuwa anafunga mkoba wake. Hakugeuka.

"Ni chumvi tu, baba mdogo," alisema. "Wape magadi."

Akapita katikati ya ndama, taratibu, nami nikafunga lango nyuma yake.